Marehemu Ameacha Kazi

Marehemu aliacha kazi siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, akiwa amelala chali juu ya kitanda cha studio na vikombe vitatu vya chai kifuani.

Msishtuke. Marehemu ni jina la kazi. Mtu mwenyewe mzima wa afya, ana miaka thelathini na tisa, ana mke, anakoroma, na kila Jumamosi anagombana na jirani kuhusu pipa la taka. Ila kwa miaka kumi na mmoja alikuwa kwenye kundi la vichekesho la televisheni, watu saba, maigizo mafupi mafupi, yanarekodiwa mbele ya watazamaji na kuonyeshwa kila Alhamisi. Na igizo lililopendwa kuliko yote lilikuwa lile la wosia. Baba mwenye nyumba amekufa, yuko kitandani, jamaa zake wamemzunguka wanagombea mali. Wanambiringisha kutafuta funguo. Wanamwekea vikombe kifuani kwa sababu meza imejaa hati. Mjane wake analia kwa jicho moja, jingine linakagua kabati. Na baba huyo, miaka yote kumi na mmoja, hakuwahi kusema hata "aa".

Mtasema kazi gani hiyo, kulala. Haya, jaribuni. Kulala kila mtu anaweza. Lakini kulala huku watu sita wanafanya vituko juu ya pua yako, na ukumbi mzima umeangua kicheko, nawe usitikise hata ukope, huo ni ufundi, na mafundi wake hawajai kiganjani. Kicheko kinaambukiza kuliko mafua. Marehemu alijitengenezea kinga yake: akisikia tu watu wanaanza kucheka, macho yanafumba, mwili unakauka kuanzia visiginoni, pumzi inakatika. Watu wakizidi kucheka, naye anazidi kufa. Mwisho akafika mahali hata hafikirii tena, inakuja yenyewe.

Basi Jumanne hiyo, katikati ya mazoezi, akaviondoa vikombe kifuani kimoja kimoja, akainuka, akaketi.

"Ndugu zangu," akasema, "mimi nimeacha kazi."

Loo! Marehemu kuinuka, tena kwa adabu hivyo! Watu walicheka mpaka wakashikana. Mwongozaji wao, ambaye wote humwita Kata kwa kuwa hilo ndilo neno analolijua zaidi duniani, alicheka miwani ikamwanguka. Na Marehemu, kwa mazoea, akarudi chini pale pale akafa. Ikabidi ajiuzulu akiwa amefumba macho.

"Sitanii," alisema kwa meno yaliyobana.

"Kaa basi, tuongee kama watu wazima," Kata alimwambia huku akifuta machozi.

"Acheni kucheka kwanza."

Wakashindwa. Robo saa nzima wakashindwa. Waliponyamaza ndipo akaketi tena, akawaambia kwamba amechoka kuwa fanicha, kwamba na yeye ana maneno, ana vichekesho vyake ndani ya daftari, na kwamba atasimama jukwaani peke yake watu wamwone. Kata akamuuliza, "Peke yako? Utabishana na nani?" Yule anayecheza mjane wake, mama mmoja mnene mwenye roho nzuri, akamshika mkono akamwambia, "Mume wangu, nani atanifia kama wewe?" Na Marehemu akatoka na soksi zake ndani ya mfuko wa plastiki.

Hiyo ndiyo sababu aliyowapa. Sababu yenyewe hakuwaambia, nami nawaambia ninyi kwa kuwa sijaumbiwa kunyamaza. Sababu ilikuwa mama yake.

Mama yake Marehemu alikuwa mkunga. Miaka arobaini wodi ya wazazi. Nusu ya mji ule imepita mikononi mwake, wakiwemo madiwani wawili na yule jirani wa pipa la taka. Sasa amestaafu, magoti yanamsumbua, lakini mikono bado ile ile, mikubwa, yenye joto, haitulii. Kipindi cha mwanawe alikitazama mara moja tu, siku ya kwanza kabisa. Walikaa sebuleni na ndugu na majirani, televisheni ikawashwa, na akamwona mwanawe wa pekee amelala kitandani hapumui. Watu wote sebuleni wakacheka. Yeye akasimama, akazima, akaenda kunawa mikono.

"Mtu asiyepumua mimi simtazami nimekaa," alisema. "Mikono yangu haikubali."

Tangu siku hiyo, Alhamisi ikifika, anachomoa waya wa televisheni na kuifunika kitambaa. Mji mzima unacheka, yeye anachambua mchele. Marehemu akimtembelea Ijumaa anamuuliza, "Mama, wamekuambia jana ilikuwaje?" Naye anajibu, "Nasikia watu wamefurahi. Umekula?" Ni hilo "umekula?" lililokuwa linamchoma. Dereva wa basi anamjua. Daktari wa meno aliwahi kumng'oa jino bure. Mtu pekee ambaye yeye alitaka acheke hajawahi kucheka, na miaka inakwenda, na mama hazidi ujana.

Siku alipoacha kazi alikwenda kwake moja kwa moja.

"Mama, nikifanya kichekesho nimesimama, utakuja?"

"Umesimama wima?"

"Wima."

"Unapumua?"

"Napumua, Mama, naongea, natembea huku na huku."

Mama akamtazama kama anayempima uzito kwa macho. "Nitakuja. Tena mstari wa mbele. Lakini nikikuona umelala, mwanangu, naondoka, na usiniambie tena habari ya kazi yako mpaka nizikwe."

"Nitasimama kama mlingoti," Marehemu akaapa.

Akakodi ukumbi wa chuo cha ufundi kwa Jumamosi moja, saa tisa alasiri, kwa kuwa jioni ulikuwa umechukuliwa na kikao cha harusi. Matangazo akabandika mwenyewe. Na mji ukapata la kuzungumza.

Makao makuu ya mazungumzo yalikuwa kwa kinyozi. Kinyozi huyu ni mtu wa msimamo. Hata ukimwambia mvua inanyesha, atakuuliza kwanza unaegemea upande gani. Swali lililokuwa mezani kwake wiki zile lilikuwa moja tu: mchekeshaji aking'oka kundini, anazidi kuchekesha au anapungua?

"Anapungua!" kinyozi alisema, mashine ikinguruma mkononi. "Kidole kimoja hakivunji chawa. Mchekeshaji nje ya kundi ni jino nje ya kinywa. Jana lilikuwa linavunja mifupa, leo umelishika mkononi, unalitazama, halina kazi."

"Wewe hujui hesabu," dereva wa teksi alimjibu kutoka kwenye benchi. "Kundini kicheko wanagawana watu saba. Akitoka, anakula peke yake. Lazima anenepe."

"Kicheko si sahani!"

"Wala mtu si jino!"

"Na huyu wetu ni mbaya zaidi, kwa sababu wenzake angalau walikuwa wanasema. Yeye hajasema neno tangu kipindi kianze. Tunajuaje kama ana sauti?"

"Jamani," ilisikika sauti kutoka chini ya shuka ya kunyolea, "mimi niko hapa."

"Nyamaza kidogo, Marehemu," kinyozi akamwambia, akikiinamisha kichwa chake mbele kwa vidole viwili, "tunakujadili wewe."

Alitoka pale na mstari mmoja mweupe juu ya sikio, uliotokana na kinyozi kupunga mkono wakati mashine bado inafanya kazi.

Nyumbani nako kulikuwa na yake. Mkewe Marehemu ni fundi cherehani, chumba cha mbele ndicho kiwanda chake. Wiki mbili baada ya mumewe kuacha, Alhamisi, wakakaa kutazama kipindi waone kundi limefanyaje bila yeye. Igizo la wosia likaanza. Kitandani kulikuwa na mtu. Shuka mpaka kidevuni, kofia ya kulalia mpaka machoni. Jamaa wakagombana, vikombe vikawekwa, watu wakacheka kuliko kawaida.

"Nani huyo?" Marehemu aliuliza, akiisogelea televisheni. "Amelala vizuri. Haki, amelala vizuri sana."

Mkewe akawa anatafuta kitu chini ya cherehani ambacho hakikuwepo.

"Mke wangu, sanamu lako la kupimia makoti liko wapi?"

"Kata alikuja kuliazima," alisema polepole. "Akaniambia ni la mapambo. Mimi ningejuaje kama wanampa nafasi yako?"

"Umewapa mwili!"

"Nimewaazima, sikuwapa."

Kesho yake mwuza magazeti akamsimamisha barabarani akamshika mkono kwa mikono miwili. "Marehemu, jana umefunika! Siku hizi umezidi!" Sasa hapo mtu unajibu nini? Akasema ahsante, akaenda zake, akala ugali wake bila kuuhisi ladha. Alikuwa ametoka kundini na papo hapo akazidi kuchekesha, ila si yeye, ni mti uliovalishwa kofia.

Hasira hiyo ikamsaidia kufanya mazoezi. Kila siku, saa za mchana, alisimama katikati ya chumba cha mbele na daftari lake akamsomea mkewe. Mkewe alikuwa anashona suti ya buluu ya siku hiyo hiyo, mdomo umejaa pini.

"Hii inachekesha?"

"Mm."

"Mm ya ndiyo au mm ya hapana?"

"Mm ya pini."

Akamwita kinyozi aje asikilize. Kinyozi akasikiliza saa nzima amekunja mikono, kama mtu anayesikiliza matokeo ya uchaguzi wa nchi nyingine. Mwisho akasema, "Imepangwa vizuri." Mwambieni mchekeshaji chochote, mwambieni hata amenona, lakini msimwambie imepangwa vizuri. Marehemu hakulala siku mbili.

Ila tazameni kosa lilipo, kwa maana ni kosa ambalo mtu mwingine yeyote asingelifanya. Wiki tano alifanya mazoezi ya kuchekesha na hakuna aliyecheka hata mara moja. Alijua kila mstari. Alijua pa kutua na pa kugeuka. Alisimama wima saa nzima, hakuyumba, akamtumia mama yake salamu kwamba mlingoti uko imara. Kumbe dawa ilikuwa haijajaribiwa kwa mgonjwa.

Jumamosi ikafika. Ukumbi wa chuo una viti vya plastiki mia mbili, feni moja la kusimama lenye kelele, na jukwaa la mbao la ngazi tatu. Viti vilijaa, wengine wakaegemea ukutani. Mwisho kabisa alikuwa Kata, amevaa kofia na miwani ya jua ili asijulikane, na pembeni yake yule mama mjane, ambaye hata ukimfunika turubai utamjua. Kinyozi alikuwa mstari wa tatu, taulo la kazi begani, kwa kuwa alikuwa amemwacha mteja dukani na povu kidevuni. Na mstari wa mbele, kiti cha katikati, alikaa Mama. Mkoba mapajani, miwani imefutwa, mgongo umenyooka. Alikuwa amefika saa nane kasoro.

Marehemu akapanda jukwaani kwa suti yake ya buluu. Akasimama. Watu wakapiga makofi kwa heshima. Akamtazama mama yake, naye mama akamwitikia kwa kichwa kidogo hivi, kama anayesema haya, nakuona, unapumua, endelea.

"Habari zenu," akaanza, sauti ikamtoka nzuri kuliko alivyotarajia. "Watu huniuliza, kazi hii uliianzaje? Nawaambia, kama wengine wote, nilianzia chini. Tofauti ni kwamba wenzangu walianzia chini wakapanda. Mimi nilianzia chini, wakanifunika shuka."

Watu wakacheka.

Si kicheko cha adabu, hapana. Kicheko cha kweli, kilichoanza kwa akina mama wa ukutani kikateremka mpaka mbele. Kinyozi mwenyewe alipiga paja. Ndicho kicheko ambacho Marehemu alikiota kwa miaka kumi na mmoja, na alikisikia kwa sekunde moja nzima kabla visigino havijakauka. Macho yakafumba. Pumzi ikakatika. Mlingoti ukaenda chini, puu!, na vumbi la jukwaa likaruka.

Ukumbi ukapasuka. Walidhani ndivyo ilivyopangwa.

Na yeye chini pale anawaza, inuka, mjinga wewe, inuka, Mama anakutazama. Mwili haumsikii. Utainukaje na watu mia mbili wanacheka? Akasubiri. Kicheko kikapungua, kikabaki cha mtu mmoja mwenye kikohozi, kikaisha. Akaruka akasimama, akajipangusa.

"Samahani," akasema, "nimejisahau."

Puu!

Mara ya tatu hakufika hata magotini. Akainua kichwa tu, akapaza sauti kwa uchungu kabisa, "Jamani, nawaomba, msicheke!" Sasa mtu mzima na akili zake anakodi ukumbi, anabandika matangazo mji mzima, watu wanakuja kwa miguu yao, halafu anawaomba wasicheke. Akina mama wa ukutani walikaa chini. Dereva wa teksi alikuwa anagonga kiti cha mbele yake kwa kichwa. Na Marehemu akakauka moja kwa moja, kuanzia unyayo mpaka utosi, hata kile kichwa.

Ndipo aliposikia mkoba unafungwa. Tak.

Mtu aliyelala macho yamefumba kwa miaka kumi na mmoja ana masikio makali. Alisikia kiti cha plastiki cha mstari wa mbele kikisogea. Alisikia magoti yakilia. Akasikia "mtanipisha, mtanipisha", na viatu vya Mama, polepole, kimoja baada ya kingine. Anaondoka, akawaza. Alisema ataondoka, na Mama hajawahi kusema neno akalirudisha. Huzuni ilimjaa akataka kulia, lakini maiti halii, na watu walikuwa bado wanacheka.

Lakini viatu havikwenda mlangoni. Vilipanda ngazi. Moja. Mbili. Kwenye ya tatu vikapumzika. Halafu mkoba ukawekwa juu ya mbao karibu na sikio lake, na vidole viwili vyenye joto vikamgusa shingoni.

"Ana muda gani hivi?" Mama aliuliza ukumbi.

"Dakika mbili!" mtu akajibu.

"Mbili! Na ninyi mmekaa mnatazama?" Alikuwa anakunja mikono ya gauni. "Wewe mwenye shati la mistari, zima hilo feni. Mtoto hapigwi upepo. Nani ana taulo?"

Kinyozi akasimama kabla hajajijua, akakimbia nalo mpaka jukwaani.

"Limetumika?"

"Kidogo tu, Mama, kwa mteja mmoja."

"Lete hivyo hivyo. Na hawa wote, mbona wako wengi chumbani? Wasio na kazi watoke."

Hakuna aliyetoka, hakuna aliyekuwa na nguvu za kutoka. Mama hakuwajali. Nawaambieni ukweli, hakuwa anatania. Aliwasahau. Mbele yake kulikuwa na mtu asiyepumua, basi, na mikono yake ilikuwa imesubiri miaka kumi na mmoja. Alimgeuza Marehemu ubavu kwa mkono mmoja, akafungua kamba za viatu, akavua, akavuta soksi.

"Soksi imetoboka! Mke wake yuko wapi? Fundi mzima!"

"Mama, alizivaa mwenyewe taa imezimika!" mkewe alipiga kelele kutoka pembeni ya jukwaa, mikono kichwani.

Ukumbi ukazidi. Na ukizidi mnajua kinachotokea. Marehemu alikuwa amekufa kuliko alivyowahi kufa kazini, pumzi imekatika kweli kweli, na sasa hata angetaka asingejua kuirudisha. Mama akainama akamtazama midomo, na uso wake ukabadilika.

"Nyamazeni."

Hakupaza sauti. Aliitoa ile sauti ya wodini, ambayo kwa miaka arobaini ilinyamazisha akina baba kwenye korido, wakwe, na daktari mmoja kijana aliyejifanya anajua. Watu mia mbili wakafunga midomo kwa pamoja. Hata feni, ambalo lilikuwa bado linazunguka kwa ukaidi, likasimama.

Katika kimya hicho Mama akamsugua mgongo kwa taulo la kinyozi, kwa nguvu, juu, chini, juu. Kisha akamshika kifundo cha mguu, na kwa kidole cha kati akampiga unyayoni. Tap. Akampiga tena.

"Pumua, mwanangu. Haya. Usinifanyie hivyo." Tap, tap. "Lia. Lia, baba, lia!"

Na Marehemu akalia.

Pumzi iliingia yote kwa mkupuo mmoja, ikatoka kama ilivyotoka mara ya kwanza katika maisha yake, ndefu, nyembamba, ya aibu, "Ngaaaa!", mdomo wazi, mikono imekunjwa kifuani kwenye suti ya buluu. Alikuwa analia kweli. Alilia kwa sababu alidhani mama yake ameondoka na kumbe yuko hapo amemshika mguu.

Mama akashusha pumzi. Akajinyoosha, akajifuta mikono, akaugeukia ukumbi, na kwa sauti ile ile aliyoitumia mara elfu nyingi kwenye mlango wa wodi, akatangaza:

"Wa kiume! Mama na mtoto wote wazima!"

 Ikawa ghasia. Viti vilianguka. Kata alivua kofia na miwani ya jua akavirusha juu, hakutaka tena kufichika, na yule mama mjane alikuwa anamlilia begani kwa macho yote mawili. Kinyozi akapanda juu ya kiti chake.

"Nabadilisha msimamo!" akanguruma. "Nabadilisha! Yeye hajazidi wala hajapungua! Aliyezidi ni mama yake!"

Mama alisimama katikati ya kelele hizo na taulo mkononi, anawashangaa. Kisha ukamwona anarudi nyuma kidogo kichwani, anayapitia maneno aliyoyasema. Wa kiume. Akamtazama huyo wa kiume, mwenye ndevu, mwenye mstari mweupe juu ya sikio, miguu peku. Mabega yakaanza kutikisika. Mwanzoni bila sauti. Kisha kitu kama kwikwi, kisha kingine, kisha kicheko chenyewe kikatoka, chembamba, cha msichana, kisichofanana hata kidogo na ile mikono mikubwa.

Marehemu alikisikia. Alikuwa amefumba macho, maana watu mia mbili walikuwa wanacheka na visigino vilishaanza kukauka. Aliujua ukumbi wote kwa masikio, nani anacheka kwa pua, nani kwa tumbo. Hiki kilikuwa karibu sana, juu ya kichwa chake, na hakuwahi kukisikia kwa ajili yake. Alitaka kukiona kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote. Visigino vikakaza, magoti yakakaza, shingo ikakaza, akapigana nayo yote, na akafumbua macho.

Mama yake alikuwa amekaa sakafuni pembeni yake, sijui amefikaje na magoti yale. Miwani imeteremka mpaka ncha ya pua, machozi yanamtiririka, mkono mmoja mdomoni, mwingine bado umeshika mguu wake.

Daftari zima lilimtoka kichwani. Ukurasa wote wa pili, pa kutua na pa kugeuka, hata habari ya jirani na pipa la taka, vyote vikaondoka, wala hakuvitafuta. Akajiegemeza kwa kiwiko, kelele zote zile juu yake, anapumua.

"Cheka tena, Mama," akamwambia. "Mwanzo wake sikuuona."

Mama akainua kidole ampige unyayoni, akataka na kumgombeza, akashindwa, akaanza upya.